Baba na Mwana Hawakuiona Filamu Moja

Tarehe 12 Desemba 2025, filamu ya Kihindi ya Sholay ilirudi kwenye kumbi za India ikiwa imesafishwa upya, miaka 50 baada ya kutoka mara ya kwanza tarehe 15 Agosti 1975. Habari za namna hii zikisambaa huwa zinaamsha mabishano yaleyale, iwe ni kwenye vibaraza vya Mwanjelwa, Mbeya, au stendi ya Ipogolo, Iringa. Wazee husema filamu nzuri haizeeki, waonyeshwe watoto nao watashikwa kama tulivyoshikwa sisi. Mtoto akitazama dakika kumi kisha akainamia simu, hukumu inatoka palepale: kizazi hiki hakina subira. Wanaobishana wote wanachukulia kwamba filamu ni ileile na aliyebadilika ni mtazamaji tu. Hapo ndipo wanapokosea. Kwa sehemu kubwa kinachotenganisha vizazi ni nakala iliyowafikia, chumba walichoitazamia na sauti waliyoisikia. Ukishaondoa hayo, tofauti zinazobaki ni chache, ingawa moja kati ya hizo ni nzito na haifai kufunikwa.

Sholay yenyewe ni ushahidi mzuri. Mwisho aliouandaa mwongozaji Ramesh Sippy ni kwamba Thakur, aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Lakini India ya mwaka 1975 ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuona raia, tena aliyewahi kuwa askari polisi, akijichukulia sheria mkononi. Mwisho ukapigwa picha upya: polisi wanafika, Gabbar anakamatwa. Huo ndio ulioonyeshwa kwenye kumbi. Mwisho wa kwanza haukupotea. Ulikuja kutoka baadaye kwenye video za nyumbani, na zilipofika zama za DVD kukawa na nakala mbili sokoni, moja ya dakika 204 yenye kifo cha Gabbar na nyingine ya dakika 198 yenye polisi. Kwa hiyo mtu aliyeiona ukumbini na mwanawe aliyeiona kwenye diski wanaweza kubishana hadi usiku kama Gabbar alikufa au hakufa, na wote wakawa wakweli. Ile ya ukumbini ni hadithi ya kisasi kinachosimamishwa na dola. Ile yenye kifo cha Gabbar ni hadithi ya kisasi kilichotimia. Ukimuuliza kila mmoja filamu ilimfundisha nini, majibu yatapishana, na utakuwa umekosea ukisema ni kwa sababu mmoja ni mzee na mwingine ni kijana.

Mkato wa wakaguzi angalau unajulikana. Mabadiliko mengine yaliingia kimyakimya kupitia mashine. Mkanda wa sinema hupita mbele ya taa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini televisheni na deki zetu zilifuata mfumo wa PAL wa picha 25. Mkanda ukihamishwa kwa njia ya kawaida unakwenda kwa kasi zaidi kwa asilimia nne: filamu ya dakika 204 inaisha kwa takriban dakika 196 bila kukatwa hata picha moja, na sauti za waigizaji zinapanda juu kidogo. Halafu kuna urefu wa kaseti. Kaseti ya video iliyozoeleka, E-180, inabeba saa tatu. Aliyenakili filamu ya saa tatu na robo alikuwa na njia tatu: kutafuta kaseti ndefu zaidi, kurekodi kwa mwendo wa polepole na kupata picha yenye chenga, au kuacha mwisho ubaki nje. Wapo watu wazima wanaosimulia filamu fulani kana kwamba iliishia katikati ya vita, kwa sababu nakala yao kweli iliishia hapo.

Upana wa picha nao uliliwa. Filamu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilipigwa kwa umbo pana, upana ukiwa mara 2.35 ya urefu. Ili ijaze televisheni ya zamani ya 4 kwa 3, picha hukatwa pembeni na zaidi ya asilimia 40 ya upana hutoweka. Fikiria watu wawili wanaotaka kupigana bastola, mmoja kila ukingo, na kati yao uwanja mtupu. Kwenye televisheni unabaki na nusu uso, au picha inayorukaruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ule wasiwasi wa umbali kati yao, uliokuwa kazi yote ya mpigapicha, haupo tena. Siku hizi kosa limegeuka: nakala ya 4 kwa 3 inavutwa ijaze televisheni pana, na watu wote wanakuwa wanene na wafupi. Kijana anayesema filamu za zamani zinaonekana vibaya anaeleza ukweli wa kile kilichopo mbele yake. Anachokosea ni kudhani ndivyo zilivyotengenezwa. Filamu zisizo na sauti zimeumia zaidi. Nyingi zilipigwa kwa mwendo wa picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, zikaonyeshwa baadaye kwa mashine za picha 24, na ndiyo maana kila mtu ndani yake anatembea kama amechomwa sindano. Vizazi viwili vimecheka kitu ambacho mara nyingi ni kosa la mtambo.

Sasa tuje kwenye chumba. Nyanda za juu kusini zina mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, Rungwe hata zaidi, na kibanda umiza cha kawaida, yaani ukumbi mdogo wa video wa mtaani, kimeezekwa bati bila dari. Mvua ikianza, maneno ya filamu hayasikiki. Mwenye kibanda anaweza kuongeza sauti, lakini spika ndogo ikizidishwa inakwaruza na maneno yanapotea kabisa. Anajua pia kwamba mteja aliyelipa mia mbili au mia tano akishindwa kufuata kisa atasimama na kudai chake. Kwa miaka mingi chujio hilo lilifanya kazi bila mtu kulitangaza. Filamu iliyoweza kufuatwa bila kusikia neno ilidumu. Iliyotegemea mazungumzo iliondolewa. Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973, ameendelea kuwa steringi wa watoto ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa alipokufa, na maelezo ya kawaida ni kwamba ngumi ni lugha ya dunia. Sehemu ni kweli. Lakini tamthilia nzito ya mahakamani haikuwahi kupewa nafasi sawa chini ya bati la Soweto au Uyole, Mbeya, mwezi Februari. Tunachokiita filamu zilizopendwa na vizazi vyote kwa kiasi fulani ni orodha ya filamu zilizoshinda mvua.

Chujio la pili ni mtafsiri. Kuanzia zama za mtafsiri Lufufu jijini Dar es Salaam hadi leo, filamu nyingi za nje zimetufikia zikiwa na sauti ya Kiswahili juu yake: mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, sauti ya asili ikishushwa anapozungumza na kupandishwa ngumi zinapoanza. Nyimbo mara nyingi hurukwa, kimya hujazwa utani, wahusika hupewa majina ya mitaani, na ni nani steringi na nani bosi wa maadui hutajwa dakika ya kwanza ili asipotee mtu. Wapenzi wa sinema huchukia jambo hili wakisema linaharibu kazi ya msanii. Hoja yao ina uzito kwa filamu ya Kihindi, maana wimbo ukirukwa umeruka miezi sita ya mapenzi ya wahusika, na mtazamaji anashangaa harusi imetoka wapi. Lakini wakisema ni uharibifu wa siku hizi, historia inawapinga. Mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika ulioendeshwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa kuungwa mkono na serikali za kikoloni, uliofanya kazi kuanzia 1935 hadi 1937 ukiwa na makao Vugiri kule Tanga, uliweka sauti kwenye sahani za santuri, kando ya mkanda wa picha, ili filamu moja izungushwe nchi kadhaa kwa lugha tofauti. Tangu wakati huo sinema katika nchi hii mara nyingi imekuwa picha ya mtu mmoja na sauti ya mwingine. Babu aliyeona gari la sinema la serikali likisimama uwanjani naye alisikia mfasiri.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya subira. Inasema vijana wameharibiwa na video za sekunde 30, hawawezi tena kukaa na hadithi ndefu. Hao vijana ndio wanaomaliza tamthilia ya Kikorea ya vipindi 16, kila kimoja cha saa moja au zaidi, kwa siku mbili za mwisho wa juma. Hao ndio wanaofuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili kwa miezi, na wanaosimama dakika 90 kwenye kibanda kilichojaa kutazama mpira ambao unaweza kuisha bila bao. Subira ipo. Wanachoomba ni picha inayoonekana, maneno yanayosikika na lugha wanayoielewa, na vitu hivyo vitatu ndivyo nakala nyingi za filamu kongwe hazina. Mpe mtu faili la megabaiti 700 lililobanwa liingie kwenye CD moja, lisilo na maandishi ya tafsiri, kisha umwambie ni hazina ya dunia. Hata aliyezaliwa mwaka 1950 angechukua simu.

Niliahidi tofauti iliyo nzito. Kuna filamu ambazo hata zikisafishwa hadi zing'ae, kizazi kipya kitaziona kwa jicho lingine, na kitakuwa na haki. Hatari! ya Howard Hawks, yenye John Wayne akikamata wanyama, ilipigwa Tanganyika upande wa Arusha na kutoka mwaka 1962, muda mfupi baada ya uhuru wa Desemba 1961. Kwa aliyeitazama wakati huo, kuona mbuga ya kwetu na kusikia jina la Kiswahili kwenye bango la filamu ya Hollywood ilikuwa fahari ya kutosha. Mwanafunzi wa leo wa Mkwawa au wa Chuo Kikuu cha Iringa atauliza swali jingine: katika filamu yote hii, Mwafrika anafanya nini isipokuwa kusaidia kazi na kusimama nyuma? Hapa nakala haihusiki. Ni maisha yaliyobadilika, na swali la huyo mwanafunzi ni sehemu ya filamu sasa, kama John Wayne alivyo sehemu yake. Wanaotaka vijana waipokee kama walivyoipokea wao wanaomba kisichowezekana, na sioni kwa nini tukitamani. Mwisho wa Sholay unaingia humuhumu: mtazamaji anayeishi karibu na visa vya watu kuchomwa moto kwa kushukiwa wizi ana sababu zake za kufikiri mara mbili kuhusu shujaa anayejichukulia sheria, na sababu hizo hazitokani na umri.

Ukitaka kuona vizazi vikitazama filamu moja, katika nakala moja, kwa wakati mmoja, usiende ukumbini. Panda basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 800, mchana kutwa, na bibi anayerudi Tukuyu amekaa kiti kimoja na mwanafunzi anayeshuka Mafinga. Kondakta anachomeka flashi, na karibu kila mara chaguo ni vichekesho au Bongo Movie, kwa kuwa injini inavuma, skrini ni ndogo na filamu ya matusi au ya mapenzi ya wazi itamletea ugomvi na akina mama kabla ya Morogoro. Mchekeshaji King Majuto alifariki Agosti 2018, lakini kwenye mabasi hana dalili ya kustaafu. Wanacheka wote, mahali pamoja, kwa sababu Kiswahili ni chao na hali ya maisha wanaijua. Tatizo la basi ni lingine: sehemu ya pili ya filamu haipo kwenye flashi, au inaanza watu wakishuka kula, na mwanafunzi anateremka kabla hajajua mtoto ni wa nani.

Kugawanya filamu katika sehemu ya kwanza na ya pili hakukuwa ujanja wa kibiashara peke yake. VCD, diski ya video iliyobeba soko la Bongo Movie katika miaka ya 2000, inaingiza takriban dakika 74 kwa diski moja, tena kwa picha ya nukta 352 kwa 288. Televisheni ya kawaida ya leo ya 1920 kwa 1080 ina nukta mara 20 ya hizo. Ndiyo maana filamu za mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, zinaonekana kama zimefunikwa chandarua zikiwekwa kwenye skrini kubwa, wakati filamu za Marekani zilizomtangulia kwa miaka 50 zinang'aa. Wengi wa wanaoingia kidato cha kwanza sasa hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga, Kanumba alipokufa. Watamhukumu kwa nakala hiyo. Wakisema filamu zetu za zamani zilikuwa za ovyo, watakuwa wanasema kuhusu diski.

Na hapa ndipo ninapoona mjadala wa Sholay umetupita. Hasi halisi ya filamu hiyo, yaani mkanda uliotoka kwenye kamera, ilikuwa imeharibika vibaya. Walioisafisha walilazimika kutafuta vipande vilivyohifadhiwa London na Mumbai. Waliweza kwa sababu vipande vilikuwepo. Sisi tuna Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, iliyomchukua kijana wa Songea aitwaye Rashidi Kawawa kama mwigizaji miaka kumi kabla hajawa Waziri Mkuu. Tuna kazi za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, kama Fimbo ya Mnyonge. Tuna Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Watazamaji wangapi wa Njombe au Vwawa wenye umri chini ya miaka 40 wameziona? Mzee anayelalamika kwamba kijana hazijui hajawahi kumwonyesha nakala, kwa sababu hata yeye hana.

Kwa Bongo Movie bado kuna muda, ila si mwingi. Nyingi zilirekodiwa kwenye kaseti ndogo za MiniDV, zenye picha ya nukta 720 kwa 576, ambayo ni mara nne ya VCD. Kaseti moja ya saa nzima ikihamishwa bila kubanwa zaidi inachukua takriban gigabaiti 13. Kinachohitajika ni kamera au deki ya MiniDV inayofanya kazi, waya wa FireWire, kompyuta yenye tundu hilo (mpya nyingi hazina, kwa hiyo tafuta ya zamani kwa mafundi) na diski kuu mbili zitakazowekwa majengo tofauti. Kabla ya kucheza, kaseti izungushwe hadi mwisho na kurudishwa mara moja ili mkazo wa utepe uwe sawa. Ikiwa picha inatoka na viboksi au mistari, safisha vichwa vya deki kwa kaseti ya kusafishia kabla ya kulaumu utepe. Kaseti yenye ukungu mweupe usiiingize kabisa. Itachafua deki na kuambukiza nyingine zote. Ukungu ndio adui wa huku. Baridi yetu ni rafiki wa utepe, unyevu ni kinyume chake. Iringa, iliyo kavu zaidi, inafaa kwa kuhifadhi kuliko Tukuyu inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kabati la mbao linalogusa ukuta wa nje ni mahali pabaya popote pale. Unyevu ubaki chini ya asilimia 50, kaseti zisimame wima, sanduku la plastiki lenye mfuniko na vifuko vya kunyonya maji vinavyobadilishwa.

Anayetaka kuonyesha filamu kongwe kwa umma, iwe ni chuo, kanisa au kijiwe cha vijana, afanye kati ya Juni na Oktoba. Bati litanyamaza, ila watu waambiwe waje na makoti. Skrini ya upana wa mita tatu inatosha watu 80 hadi 100. Projekta ya kawaida inakaa mita nne na nusu hivi kutoka hapo na inahitaji mwanga wa lumeni 3,000 zilizopimwa kwa kipimo cha ANSI. Zile ndogo za bei nafuu zinazoandikwa lumeni 9,000 kwenye boksi mara nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya namba hiyo iliyoandikwa. Jenereta ya kilowati moja inabeba projekta na spika mbili, mradi iwekwe nyuma ya jengo, waya wa mita 30, au italeta tatizo lilelile la mvua. Faili likiwa na sauti ya 5.1, yaani iliyogawanywa kwa spika sita, mpangilio wa programu ya kuchezea ubadilishwe uwe wa stereo, kwa sababu bila hivyo mazungumzo yanabaki kwenye spika isiyokuwepo na unasikia milipuko tu. Umbo la picha liachwe lilivyo hata kama kuna mistari myeusi juu na chini. Kama kuna mtafsiri wa moja kwa moja, aitazame filamu mara mbili kabla, akubaliane na waandaaji kutogusa nyimbo, na awe na kipaza sauti chenye kitufe cha kuzimia. Kibali kinatakiwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na ruhusa ya mwenye filamu ni jambo jingine ambalo kibali hicho hakilibebi. COSOTA ndiyo inayoshughulikia hakimiliki.

Kisha chagua filamu mbili, moja ya wazee na moja ya vijana, kwa usiku mmoja. Wazee wakae wazitazame zote mbili. Ni wao ambao mpaka sasa hatujawapima subira.